Tusiwazike waimbaji pamoja na majina yao

Kila afapo mwanamuziki mashuhuri wa ng'ambo, hasa wa muziki ule wa magitaa makali uitwao roki, vijana wetu hupata habari kabla jua halijatua. Huzitaja nyimbo zake, bendi alizopitia na hata mwaka aliozaliwa. Sina ugomvi na maombolezo hayo, kwani sauti njema haiulizwi ilikotoka. Lakini mwanafunzi huyo huyo wa Kedowa akiulizwa ni nani aliyetunga wimbo ulioimbwa katika arusi ya nyanya yake, atajibu nini? Atasema, "Ni wimbo wa kienyeji," na mazungumzo yataishia hapo. Neno hilo limekuwa kaburi. Ndani yake tumewazika watunzi na waimbaji wengi, kila mmoja pamoja na jina lake.

Ajabu ni kwamba nchi hii yetu ya majani chai iliwahi kumkumbuka marehemu mgeni kwa namna ambayo dunia nzima inaizungumzia hadi leo. Jimmie Rodgers alikuwa mwimbaji wa jimbo la Mississippi, Marekani. Kabla ya kushika gitaa kama kazi alihudumu katika garimoshi akiwa mshika breki, kazi ambayo sisi tulio kando ya reli ya Kisumu hatuhitaji kuelezwa. Mwezi Agosti mwaka 1927 alirekodiwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Bristol na Ralph Peer, mfanyabiashara wa santuri. Kifua kikuu kilikuwa kimekwisha kumshika. Mwezi Mei mwaka 1933 alirekodi nyimbo zake za mwisho mjini New York, akijinyoosha kitandani kati ya wimbo mmoja na mwingine, na siku mbili baadaye akafariki akiwa na umri wa miaka 35. Jumba la heshima la muziki wa roki huko Marekani lilipowateua watu wake wa kwanza mwaka 1986, Rodgers alikuwa miongoni mwa waliotajwa kuwa chimbuko la muziki huo.

Santuri zake zilivuka bahari na kupanda hadi Kericho. Inasimuliwa kwamba Wazungu ndio waliozileta pamoja na gramafoni, na Wakipsigis wakasikiliza sauti ya mtu wasiyemwona. Jina lake lilipotamkwa kwa ulimi wa hapa likawa Chemirocha, na mwenye jina akafanywa kiumbe cha ajabu, nusu mtu na nusu paa. Wakamtungia nyimbo. Mwaka 1950, miaka 17 baada ya kifo chake, wasichana wa Kapkatet, upande wa Bureti, walikuwa wakimwimba Chemirocha kwa kinubi, bila kujua kwamba mwenyewe yu kaburini.

Tunayajuaje haya yote? Tunayajua kwa sababu mwaka huo alifika Hugh Tracey akiwa na mtambo wa kunasa sauti. Mwingereza huyu, aliyefariki mwaka 1977, alizunguka sehemu kubwa ya Afrika akirekodi nyimbo, na mwaka 1954 akaanzisha huko Afrika Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika. Nataka mwalimu anisikilize kwa makini hapa. Tracey hakunasa sauti tu. Aliandika mahali, aliandika lugha, na aliandika jina la kiongozi wa wasichana wale: Chemutoi Ketienya. Asingeliandika, leo tungesema tu kwamba ni wimbo wa kienyeji.

Faida ya maandishi hayo ilionekana katikati ya miaka ya 2010, wakati maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilipozirejesha nakala za nyimbo hizo Kericho. Wageni walijua waende kijiji gani na waulizie watu gani, wakawapata hata wazee waliorekodiwa wakiwa vijana. Bila jina na mahali, santuri ile ingekuwa kama barua isiyo na anwani.

Wapo watakaoniuliza kwa nini ninamsifu mkoloni aliyechukua nyimbo zetu, zikakaa mbali zaidi ya miaka 60 kabla ya wenyewe kuzisikia. Swali hilo ni la haki. Wanafunzi wa historia wanapaswa kuuliza waimbaji wale walifaidika na nini, na ni nani aliyeamua nyimbo zihifadhiwe ng'ambo badala ya Kericho. Lakini tukimaliza kumhukumu Tracey, hukumu itatugeukia sisi. Tumejitawala tangu mwaka 1963. Ni nani aliyetuzuia kuandika?

Pwani nako kuna funzo. Freddie Mercury, sauti ya bendi ya Queen, alizaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Familia yake ilihamia Uingereza baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, naye akafariki London tarehe 24 Novemba 1991. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa kisiwani ya kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa na baadhi ya wenyeji, ikafutwa. Jumba la makumbusho yake lilifunguliwa Zanzibar mwaka 2019 tu, miaka 28 baada ya kifo chake. Ikiwa mtu anayejulikana dunia nzima alisubiri muda wote huo nyumbani kwao, mpiga kinubi wa Londiani asubiri miaka mingapi?

Jina lisipoandikwa mapema, ugomvi hurithiwa. Fadhili William, ambaye kwa sauti yake Wakenya wengi waliujua wimbo "Malaika", alifariki mwaka 2001. Hadi leo watu hubishana kama wimbo huo ni wake au ni wa Adam Salim, na wote wawili hawapo tena kuulizwa. Huku kwetu, Kipchamba arap Tapotuk wa Koilong'et Band, ambaye wengi humwita baba wa muziki wa kisasa wa Kikalenjin, alituacha mwaka 2007. Gitaa lake lingali likisikika redioni na kwenye matatu. Lakini ni wangapi darasani wanaoweza kuandika ukurasa mmoja tu juu ya maisha yake, kama wawezavyo kuandika juu ya nyota wa ng'ambo?

Walimu watasema kwamba muhula ni mfupi na silabasi ni ndefu. Nakubali. Kwa hiyo siombi somo jipya, naomba zoezi la likizo. Kila mwanafunzi amwendee nyanya, babu au jirani mzee, amwombe wimbo mmoja, na baada ya kupewa ruhusa aandike mambo matano: jina la anayeimba, aliyemfundisha, mahali, mwaka, na shughuli ambayo wimbo ule uliimbiwa, iwe arusi, mavuno au kubembeleza mtoto. Nyumba yenye simu ya kunasa sauti inase. Isiyo nayo, kalamu na daftari vinatosha. Daftari hilo lirudi shuleni, lihifadhiwe maktabani, na nakala abaki nayo mwenye wimbo, ili kosa la zamani lisirudiwe. Na katika tamasha za muziki, shule ipandapo jukwaani na wimbo wa Kikipsigis, mtangazaji asiridhike na kutaja kabila. Ataje na mzee aliyeutoa wimbo huo, kama anavyojulikana.

Kazi hii haiwezi kungoja, kwani wasichana wa mwaka 1950, walio hai, ni ajuza leo. Kila msimu wa mvua tunazika mmoja wa rika lao, na tunaporudi kutoka makaburini hatujui ni nyimbo ngapi tumezifukia. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wasichana wa Kapkatet walimtendea Jimmie Rodgers hisani ambayo hakuijua: walilitunza jina lake vinywani mwao, hata kama walilibadili. Nasi tuwatendee wao hisani iyo hiyo, tena bila kuyabadili majina yao.