UKURASA WA FUNDI: Tazama kwanza uzi unakatikia wapi



Mwezi huu ukurasa wetu unaongea juu ya chuma kidogo sana, hakipiti ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Lakini chuma kile kilitufanya sisi wakubwa tukose mbele ya mtoto. Nitawaeleza habari yote, na sehemu yangu sitaificha.

Korali yetu iko na gita moja ya umeme, ya mfano wa Stratocaster. Si ile ya Marekani yenyewe. Ni ya bei ya chini, iliyotengenezwa Asia kwa kufuata mfano ule. Tuliinunua kwa feza za wamama: wa mboga, wa makala, wa mikate. Kila mmoja alileta franka kidogo kidogo, karibu mwaka mzima. Kwa hiyo gita ile kwetu ni kitu cha heshima.

Mpigaji alikuwa kijana wa miaka 17, mwanafunzi. Jumapili moja, katikati ya wimbo, paa! Uzi wa kwanza, ule mwembamba wa mi, umekatika. Tukanunua mwingine. Jumapili ya pili, paa! Ya tatu, vilevile. Komite ikaketi.

Mmoja akasema: « Ule mutoto anapiga na nguvu sana. Anawaza eko ku nganda! »

Mwingine akasema: « Feza ya ba mama inaishia mu kamba. »

Kijana akajibu polepole: « Tata, mi sipigake na nguvu. Iko kitu mu ile gita. »

Hatukumsikiliza. Tukapiga kura, tukamtoa. Mimi pia niliinua mkono.

Nafasi yake tukampa baba mmoja mwenye kupiga taratibu sana. Jumapili ile ile, wimbo wa tatu: paa! Watu wote wakanyamaza. Mimi nikatazama chini.

Mfuko wa mkate

Kati yetu kuko mzee mmoja aliyefanya kazi ya umeme katika mgodi mpaka kupata pansio. Yeye hakusema neno. Alituma tu mtu amwite kijana. Kijana akaja na mfuko wa plastiki wa mkate. Ndani alikuwa ameweka nyuzi zote zilizokatika. Hakutupa hata moja.

Mzee akazilaza mezani, moja pembeni ya nyingine, akapanga vile vifundo vya mwisho katika mstari mmoja. Kumbe zote zilikuwa na urefu ule ule! Zote zilikatikia mahali pamoja.

« Tazama, » akasema. « Zote zinakatika fasi moja. Twende tuangalie ile fasi. »

Mahali pale ni pale uzi unapolala juu ya kiti chake.

Kiti cha uzi ni nini?

Kwenye tumbo la gita ya umeme kuko shevale, yaani daraja la nyuzi. Juu ya shevale ya Stratocaster kuko viti 6 vidogo vya chuma, kila uzi na kiti chake. Wapigaji wetu wanaviita ponte, kwa kufuata Kifaransa. Kila kiti kina visi 2 ndogo za kukipandisha na kukishusha, na visi 1 ndefu, yenye resori, ya kukisogeza mbele na nyuma. Kampuni ya Fender ya California ilitoa gita hii mwaka 1954, na mpango ule wa viti 6 ungali unatumika mpaka leo.

Sababu gani kiti kinachoka? Fikiri: uzi wa mi mwembamba ukipigwa wazi unatetemeka karibu mara 330 kwa sekunde moja. Uzi ni chuma cha pua, kigumu. Katika gita za bei ya chini, kiti mara nyingi kimemiminwa kwa zinki, nayo ni laini. Juu yake kunaanguka jasho la mkono lenye chumvi, pamoja na vumbi letu jekundu. Polepole uzi unachimba mfereji, na ukingo wa mfereji unatoa meno madogo. Meno yale ndiyo yanakata uzi.

Alama ni hizi: uzi ule ule unakatika kila mara, na mahali ni pale pale. Au uzi unalia « zzz » hata bila kubonyezwa. Au sauti yake inakufa upesi kuliko za wenzake. Kama huoni meno kwa macho, ondoa uzi, kisha pitisha kipande cha pamba juu ya kiti. Pamba ikinaswa, meno yako pale. Kwetu pamba ilinaswa mara ya kwanza tu.

Namna ya kubadilisha

1. Mbele ya kulegeza kitu, pima na kuandika. Pima nafasi kati ya uzi na freti ya 12 (kile chuma cha 12 kwenye shingo, kuhesabu kutoka kichwani). Gita nyingi ziko vizuri kati ya milimita 1.5 na 2. Kama uko na simu, piga picha ya shevale ili ujue kila kiti kilisimama wapi.

2. Nunua vinavyofanana. Pima kutoka katikati ya uzi wa mi mnene mpaka katikati ya mi mwembamba, pale kwenye viti. Kwa mfano huu utakuta karibu milimita 52 au karibu milimita 56. Viti vya aina moja havikai vizuri kwa nyingine. Chukua kiti cha zamani mkononi, upeleke dukani. Vya chuma cha pua vinadumu kupita vya zinki. Kama feza ni kidogo, anza na kile kilichoharibika. Lakini kama kimoja kimechimbika, tazama ndugu zake pia.

3. Kama gita iko na vibrato, ingiza kipande cha mbao au karatoni iliyokunjwa nyuma, ndani ya tumbo, kusudi shevale isikimbie wakati nyuzi zinalegea. Kisha legeza nyuzi polepole. Usizikate zikiwa zimekazwa, zinaweza kukuchoma jicho.

4. Tandika kitambaa cheupe. Fungua visi ndefu ya nyuma kwa turnevisi. Resori inapenda kuruka, basi ifunike na kidole. Panga vipande kwa utaratibu, kila kiti na vyake.

5. Safisha shevale kwa brosi ya meno iliyokauka. Tia kiti kipya na resori yake, na tone moja la mafuta ya mashini kwenye visi. Tone moja, si kijiko!

6. Pandisha au shusha kiti kwa ule ufunguo mdogo wa pembe sita. Gita nyingi za Asia zinataka wa milimita 1.5, zile za Marekani zinataka wa inchi 0.050, ni mdogo zaidi kidogo. Usilazimishe ufunguo usioenea, utaharibu visi. Fuata vipimo ulivyoandika. Shingo imepinda kidogo kama mgongo wa samaki, basi viti vya katikati vinasimama juu kupita vya pembeni.

7. Mwisho, sikio. Tia uzi mpya, uakorde vizuri. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, upige: unasikia sauti kama kengele. Sasa bonyeza pale pale, upige tena. Sauti mbili zinapaswa kuwa sawa. Kama ile ya kubonyeza iko juu, rudisha kiti nyuma, mbali na kichwa cha gita. Kama iko chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kidogo mbele ya kuzungusha visi, na uakorde tena kila mara. Siku hizi kuko programu za simu zinazoonyesha sauti kwa sindano. Zinasaidia sana kwa kazi hii.

Kama kiti kipya hakipatikani

Meno madogo unaweza kuyasugua na papie-vere laini, namba 1000, mpaka pamba ipite bila kunaswa. Hiyo ni dawa ya muda. Mfereji mrefu hauponi kwa kusugua, na ukisugua sana uzi unashuka.

Fundi wa turu pia anaweza kukata kiti kwa laiton. Gita za kwanza za Telecaster, katika miaka ya mwanzo ya 1950, zilikuwa na viti 3 vya laiton, kila kimoja kilibeba nyuzi 2. Na laiton si mgeni kwetu: ni shaba pamoja na zinki, na vyote viwili vilichimbwa hapa Kipushi. Lakini, vijana, kipande kile kinunuliwe. Kisitoke ku kazi chini ya shati. Gita haiwezi kuimba vizuri juu ya kitu cha wizi.

Kazi iliyobaki

Sisi tulipata kiti dukani, na mzee akamwachia kijana mwenyewe kazi yote, yeye akashika taa tu. Mbele ya saa mbili kupita, gita ilikuwa tayari.

Lakini kazi haikuisha pale. Kijana tulimtoa mbele ya watu wote. Wengine katika komite walitaka tumwite pembeni, tumwambie maneno mawili, iishe. Mzee akakataa: « Mulimupatisha haya ku meso ya bantu. Mumurudishie heshima ku meso ya bantu. »

Jumapili iliyofuata tukasimama mbele, sisi watu wa komite. Ilikuwa zamu yangu kusema. Miguu ilitetemeka kama uzi ule wa mi. Nikasema tulimhukumu bila kutazama, na kwamba alituambia kweli nasi hatukumsikiliza. Mama yake alikuwa katika safu ya pili. Alifuta macho kwa kitambaa.

Kijana alijibu neno fupi: « Aksanti, ba tata. » Kisha akakaza uzi, akaanza wimbo.

Tangu siku ile tulibadilisha nyuzi mara moja tu, juu ya kutu. Hakuna uliokatika.

Wazazi, kitu kikiharibika mikononi mwa mtoto, mara nyingi tunaanza kwa kumtazama mtoto. Tuanze kwa kutazama kitu. Nanyi vijana, fanyeni kama yule: mkishitakiwa bila kosa, msitukane, msikimbie. Wekeni nyuzi zenu katika mfuko.

Ya kuzungumza nyumbani

— Je, kuko mtu katika nyumba yetu tuliyemlaumu juu ya kitu kilichokuwa kimechoka chenyewe?

— Kama tulimlaumu mbele ya watu, tumerudisha neno letu wapi?

Tuonane mwezi unaokuja. Pigeni gita, na mtunze viti vyake!