Risala ya Wenye Magari na Mafundi Kuhusu Biashara ya Spea za Mitumba za Kuongeza Nguvu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa wafanyabiashara wa spea,
Mafundi wenzetu, mabibi na mabwana,

Sisi tunaosoma risala hii ni wenye Subaru, Altezza, Mark II na Crown wa hapa Dar es Salaam, pamoja na mafundi wanaotuhudumia. Tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza. Tumeombana tusikuchoshe kwa sifa, kwa hiyo tunakwenda moja kwa moja kwenye malalamiko.

Mheshimiwa, hatupingi mitumba. Bila mitumba hakuna hata mmoja wetu angekuwa barabarani. Injini kama EJ20 ya tabo au 1JZ-GTE tunazipata kwa sababu Mjapani huona ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili unamgharimu zaidi kuliko gari lenyewe linavyostahili, akaliachia. Gari linakatwa, linapangwa kwenye kontena, na injini yake inafika bandarini kwetu ikiwa bado na maisha marefu. Mpaka hapo biashara ni nzuri. Matatizo yanaanza mzigo ukishafika dukani.

Injini inaoshwa kwa petroli, inapigwa rangi ya fedha, inawekwa juu ya tairi kuukuu mbele ya duka. Ukiuliza imetoka kwenye gari gani na imetembea kiasi gani, unajibiwa, "Hii ni ya Japani, bosi." Japani ni nchi, haitoshi kuwa historia ya injini. Ukiomba mgandamizo wa silinda upimwe, unaambiwa hapa hakuna betri wala kipimo. Unalipa, fundi anaifunga, na kabla wiki haijaisha beringi za krenki zinagonga. Ukirudi, muuzaji hazungumzi sana, anakuonyesha kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na akautegemea utaalamu wake, bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kibao cha ukutani hakikupitishwa na Bunge.

Kisha wapo wanaotuuzia gari moja mara tatu. Nusu ya mbele ikishuka kwenye kontena ina kila kitu: injini, waya zake, kontroli boksi, sensa, hata funguo. Duka linaitenganisha. Injini inabaki hapa, kontroli boksi inapelekwa mtaa wa pili, waya zinakatwa kwa koleo na kuuzwa kivyake. Mnunuzi anazunguka kutwa akitafuta vitu vilivyokuwa pamoja asubuhi, na mwisho anafungiwa kontroli boksi ya gari jingine kabisa.

Hapo ndipo injini zinapokufa. Mwenye Subaru Forester anauziwa tabo ya VF, ile ya STI, ichukue nafasi ya TD04 iliyokuja na gari. Anaahidiwa nguvu, na nguvu kweli anaiona kwa siku chache. Hakuna aliyemwambia kwamba hewa ikiongezeka lazima na mafuta yaongezwe, kontroli boksi ipangwe upya, na pampu ya mafuta iangaliwe. Hewa inazidi mafuta, moto unalipuka kabla ya wakati wake, pistoni inapasuka. Muuzaji wa tabo anasema tatizo ni fundi, fundi anasema tatizo ni tabo, na mwenye gari anapanda daladala. Na wale wanaotutajia "farasi mia nne toka kiwandani" kwa injini za miaka ya 1990 wakumbuke kwamba hadi mwaka 2004 watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze zaidi ya 280 kwa magari ya soko la kwao.

Kuna suala la masega, yale ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi. Gari linaingia gereji kwa ajili ya ekzosi kubwa, masega yanatolewa kwa maelezo kwamba yanabana pumzi ya injini, na hayarudishwi. Mwenye gari analipia kazi ya kuyatoa, kumbe ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na anayeyanunua kwa kilo anajulikana. Huu ni wizi unaotozewa ufundi.

Kuhusu usalama hatutakwenda mbali, maana mengine yanaonekana kwa macho. Taa zinazotoka Sharjah zimetengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara. Zikifungwa kwetu mwanga wake unapanda kwenye macho ya anayekuja mbele. Tairi zina tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka, hivyo 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012; tumeona tarakimu hizo zimesuguliwa kwa msasa. Kaliba za breki za kawaida zinapakwa rangi ya dhahabu na kubandikwa jina la Brembo. Mtu anaongeza nguvu ya injini maradufu akitegemea breki zile.

Wauzaji nao wana kilio, na haki itendeke. Wapo wenzetu wanaonunua sensa nzima, wanaibadilisha na ile mbovu waliyokuja nayo, kisha wanairudisha hiyo mbovu wakidai pesa. Wapo mafundi wanaoomba cha juu kwa kila spea, kiasi kwamba muuzaji mwaminifu anakosa wateja kwa sababu hatoi. Na muuzaji mwenye karatasi halali za mzigo wake anachanganywa na yule anayepokea vioo vya pembeni na kontroli boksi usiku kwa vijana asiowajua, vitu ambavyo kesho yake mwenyewe aliyeibiwa anakuja kuvinunua upya dukani humohumo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunadai maandishi. Kila injini, gia boksi na tabo inayouzwa iwe na risiti ya EFD inayotaja namba yake, namba ya chesisi ya gari ilikotoka pale inapojulikana, na nakala ya karatasi ya kuingizia mzigo nchini. Kadi ya gari ina namba ya injini. Asiye na karatasi atairekebishaje kadi yake, na ataieleza nini bima siku ya ajali? Tunadai siku saba za majaribio kwa injini iliyofungwa na fundi aliyekubaliwa na pande zote mbili, ikiwa imepigwa alama ya muuzaji ili isibadilishwe. Viongozi wa soko wachangishe maduka yanunue vipimo vya mgandamizo na betri za pamoja. Gharama yake haifiki bei ya injini moja mbovu. Injini iuzwe pamoja na kontroli boksi na waya zake, au mnunuzi aambiwe kabla ya kulipa kwamba havipo. Masega yakitolewa akabidhiwe mwenye gari mkononi. Anayenunua spea kwa mtu binafsi aandike jina na namba ya kitambulisho cha aliyemuuzia, na daftari hilo polisi waruhusiwe kuliona. Taa za nchi zinazoendesha kulia na tairi zilizofutwa tarehe ziondolewe kwenye maduka, siyo zishushwe bei.

Kwa upande wetu, tumekubaliana kwamba kuanzia leo hatutanunua injini isiyo na namba inayosomeka, na fundi atakayekataa kumwonyesha mteja risiti halisi hatumpelekei gari.

Tunaomba viongozi wa wafanyabiashara watujibu kwa maandishi ndani ya siku 30, na tunakuomba wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uwe shahidi wa ahadi watakayotoa.

Tunaomba kuwasilisha.