Dogo na presha
Dogo akichemsha kwenye mechi kubwa, tunasema hana moyo. Jamani, mimi nabisha! Mei 1997, Kobe Bryant wa Lakers, miaka 18, alirusha mipira minne dhidi ya Utah Jazz dakika za mwisho na za nyongeza. Haikugusa hata ringi. Lakers wakatolewa.

Fainali za 2000, mechi ya nne na Indiana Pacers, Shaquille O'Neal alitolewa kwa faulo dakika za nyongeza. Kobe akabeba timu: 120 kwa 118.

Kwa hiyo usimpime mtu, hata huyo mpenzi wako, kwa siku aliyokosa. Mpime kesho yake: anauomba mpira tena, au anajificha?