Picha ya Ubongo Isiwe Hukumu Mpya kwa Mtoto

Mama wa mtoto mwenye usonji amewahi kushtakiwa mbele ya ulimwengu, na walioandika mashtaka hayo hawakuwa waganga wa vijijini bali wasomi wa vyuo vikuu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 waliojitenga na watu na kutaka kila kitu kibaki vilevile siku zote. Kanner alisema watoto hao walizaliwa na hali hiyo. Lakini alitaja pia kwamba wengi wa wazazi wao hawakuwa wachangamfu, na neno hilo likaota mizizi. Kufikia mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alikuwa akitangaza kitabuni kwamba mtoto hujifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu ya malezi yasiyo na upendo. Mama aliyekesha akibembeleza mtoto akaambiwa kuwa moyo wake ni barafu.

Siku hizi wapo wanaosema kwamba aliyemtoa mama huyo kizimbani ni mtambo wa kupigia picha za ubongo. Sivyo hasa. Ushahidi wa kwanza wenye uzito ulitoka kwa mapacha. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, wakiwa Uingereza, walichunguza jozi 21 za mapacha ambamo angalau mmoja alikuwa na usonji. Kati ya jozi 11 za mapacha wa yai moja, 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Kati ya jozi 10 za mapacha wa mayai mawili, hapakuwa na hata moja. Mapacha wa aina zote mbili hulelewa na mama yuleyule. Mwenye kujua hesabu na aseme lawama iende wapi.

Picha za ubongo zilifuata, na zimetufunza mengi. Hata hivyo, nina hofu kwamba tunaelekea kuzifanya mahakama ya pili, ambapo mtoto ndiye atakayesimamishwa kizimbani badala ya mama.

Mtambo uitwao MRI hautumii eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu nyingi pamoja na mawimbi ya redio, kisha tarakilishi huunda picha kutokana na mwitikio wa maji yaliyomo mwilini. Mtoto hulazwa ndani ya bomba jembamba na kuambiwa asitikisike kwa dakika nyingi, huku mtambo ukigonga na kunguruma kama karakana ya jua kali. Sasa, mwalimu, mfikirie yule mwanafunzi wako anayeziba masikio kengele inapolia. Je, huyo atalala humo?

Swali hilo si la mzaha. Mwaka 1988 Eric Courchesne na wenzake wa California walitangaza kwamba sehemu fulani ya ubongo wa kisogoni ilikuwa ndogo kwa watu wenye usonji. Watafiti wengine walipopima, baadhi waliiona tofauti hiyo na wengine hawakuiona. Baadaye ikasemwa kwamba tatizo ni mawasiliano hafifu baina ya sehemu za ubongo zilizo mbalimbali. Ndipo mwaka 2012 makundi kadhaa ya watafiti yalipoonyesha kwamba kichwa kikisogea hata chini ya milimita moja, picha huweza kuonyesha mawasiliano hafifu ya namna hiyohiyo, ilhali ubongo wenyewe hauna tatizo hilo. Dawa iliyotumika ni kuzitupa picha za watoto waliotikisika. Basi waliobaki katika tafiti nyingi ni watoto wanaozungumza, wanaoelewa maagizo na wanaoweza kutulia. Yule asiyesema neno, ambaye ndiye mzazi wake anahangaika zaidi, hayumo.

Watafiti wa Marekani waligeukia watoto wachanga, wakawapiga picha wakiwa usingizini. Mwaka 2017 walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Walichagua watoto ambao kaka au dada zao walikuwa na usonji, kwa kuwa uwezekano wao wa kuwa nao ni mkubwa. Wakaona kwamba kwa wale waliokuja kutambuliwa kuwa na usonji, eneo la tabaka la juu la ubongo lilipanuka haraka mno kati ya mwezi wa 6 na wa 12, kabla ya dalili kukamilika. Tarakilishi iliyopewa vipimo hivyo iliwatambua 30 kati ya 34 waliokuja kuwa na usonji, na ikawashuku bure 7 kati ya 145 wasiokuwa nao.

Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Lakini wanafunzi wa hesabu na wachukue kalamu. Tuseme kipimo hicho kitumiwe kwa watoto 1,000 wa kawaida, ambao 10 kati yao wana usonji. Kitawapata 9 hivi. Katika wale 990 waliosalia, kikikosea kwa kiwango kilekile, kitawashuku karibu 48. Wazazi 57 wataitwa waambiwe habari nzito, na 48 kati yao watalia bila sababu.

Aidha, tofauti zinazotangazwa kwa kawaida ni za wastani wa kundi. Wavulana wa shule moja wanaweza kuwa warefu kidogo kuliko wa shule jirani, lakini huwezi kumpima mvulana mmoja ukajua anasoma wapi. Ndiyo maana picha ya ubongo wa mtoto mwenye usonji, daktari akiitazama kwa macho, mara nyingi huonekana ya kawaida kabisa. Mtoto anayepatwa na kifafa, au anayepoteza stadi alizokuwa nazo, daktari anaweza kuagiza apigwe picha, na aagize. Hapo anatafuta ugonjwa mwingine. Usonji wenyewe hutambuliwa kwa kumtazama mtoto akicheza na kuwahoji wanaoishi naye.

Nayasema haya kwa sababu ya hali yetu hapa nyumbani. Utafiti uliofanywa Pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba majini, uchawi na laana bado hutajwa miongoni mwa visababishi vya usonji. Mzazi aliyekwisha kutumia akiba yake kwa mganga asiambiwe sasa auze ng'ombe alipie picha ambayo haitamwambia anachotaka kujua. Fedha hizo zitafaa zaidi katika vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984, na katika mafunzo ya mwalimu wa chekechea, ambaye huenda ndiye wa kwanza kuona kwamba mtoto haitiki akiitwa jina.

Sipingi utafiti. Watoto wetu hawamo katika picha nyingi za ng'ambo, na ni haki yao kuwamo. Lakini mtafiti atakayeleta mtambo wake hapa aulizwe kwanza, kabla ya kupewa kibali, amejiandaaje kumpokea mtoto asiyetulia. Njia ipo. Mtoto huzoeshwa kwa bomba bandia lisilo na sumaku, akasikilizishwa ngurumo ile kwa sauti ndogo, mzazi wake akiwa karibu, siku baada ya siku hadi aridhike kulala humo. Na akikataa, aachwe aende zake.