MASHAURI YA NYUMBANI: Kununua Nyumba kwa Ajili ya Shule



Bwana mmoja wa Kasoli, katika Wilaya ya Bariadi, ametuletea swali, nasi twalijibu hapa kwa kuwa twajua wengi wanalo moyoni. Ameuza pamba, akaongeza fedha za ng'ombe kadhaa, naye ataka kununua nyumba ya kudumu. Ana watoto wanne; wa kwanza ni binti aliye darasa la saba, wa mwisho hajaanza shule. Mkewe ataka wahamie mjini Bariadi, maana shule za huko zasifiwa. Yeye ataka wabaki Kasoli, karibu na shamba. Kaka zake nao wamwambia anunue penye udongo mzuri, mambo ya shule yatafuata baadaye. Auliza, katika hao nani asemaye kweli?

Tuanze na kaka zake, kwa kuwa neno lao ni la zamani. Desturi ya Wasukuma tangu mababu ilikuwa kila kaya kukaa peke yake, imezungukwa na minyaa, mashamba kando yake, na ngitili ya malisho nyuma. Mtu alipochagua mahali pa kukaa aliuliza habari za maji, udongo na nyasi. Hakuuliza habari za shule, maana haikuwapo. Hata wamisionari wa CMS walipofika Nassa mwaka 1888 (Nassa hiyo leo imo katika Wilaya ya Busega, mkoa wetu huuhuu wa Simiyu), na Africa Inland Mission walipoishika kazi ile mwaka 1909, mzazi aliyetaka mtoto wake ajue kusoma alilazimika kufikiri jambo jipya, nalo ni umbali. Kaya iliyo nzuri kwa ng'ombe yaweza kuwa mbaya kwa mwanafunzi.

Kisha ukaja wakati ambapo Serikali iliamua jambo hili kwa niaba ya watu wote. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kukaa katika vijiji ni amri, na kazi hiyo iwe imekwisha ifikapo mwisho wa 1976. Na Novemba 1974, huko Musoma, chama cha TANU kikaazimia kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Basi nyumba zikapelekwa kwenye shule. Bariadi wakati ule ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, na wazee wanakumbuka jinsi ilivyokuwa: watoto wakawa karibu na darasa, lakini jembe likawa mbali na shamba, na ngitili zikaachwa bila mwangalizi. Baadaye wengi wakarudi polepole kwenye mahame yao. Habari hiyo yamfaa mama wa nyumba hii aisikie kabla ya kufunga mizigo, maana nyumba iliyo karibu na shule na mbali na chakula haikaliwi na watu muda mrefu.

Katika nchi nyingine swali hili lina sura tofauti. Huko Uingereza, shule nyingi za serikali zikijaa huchagua watoto kwa kupima umbali wa nyumba zao, na ndiyo sababu nyumba zilizo karibu na shule yenye sifa huuzwa kwa bei kubwa kupita nyingine. Mzazi wa huko anunuapo nyumba amenunua nafasi. Kwetu si hivyo. Tangu Januari 2016 hapana ada katika shule za Serikali, toka darasa la awali hata kidato cha nne, na tangu 2022 hata kidato cha tano na cha sita. Shule ya msingi ya kijiji huandikisha watoto wa kijiji, wa nyumba ya bati na wa nyumba ya nyasi. Basi bwana wetu asidhani kwamba fedha zake zitamnunulia elimu. Anunuacho ni njia, yaani hatua atakazokwenda mtoto kila asubuhi na kuzirudia kila alasiri kwa miaka kumi na zaidi.

Njia hiyo ipimwe kwa miguu ya mtoto mdogo kuliko wote, wala isipimwe kwa pikipiki ya dalali. Dalali husema, "Shule ni hapo tu," naye hajashuka kitini. Bwana huyu na amshike mkono mtoto wake wa mwisho, waende pamoja toka mlango wa nyumba inayouzwa mpaka mlango wa darasa, wakiondoka saa ileile ya alfajiri ambayo wanafunzi huondoka. Aone mtoto amepumzika mara ngapi. Aone na mahali ambapo watoto hukutana wakafuatana, kwa kuwa njia yenye wenzake kumi si sawa na njia ya peke yake katikati ya mashamba ya mtama.

Tena afanye hivyo wakati wa mvua. Watu wengi hununua kiangazi, baada ya kuuza pamba, nchi ikiwa kavu na kila njia yapitika. Lakini mito ya kwetu ina sura mbili. Mto ambao mwezi wa Agosti ni mchanga mtupu, na watu wafukua ili wapate maji, mwezi wa Machi au Aprili waweza kujaa kwa mvua ya saa moja iliyonyesha mahali wasipopaona. Watoto walivuka asubuhi wakicheka, na alasiri wamesimama ng'ambo. Hali kadhalika udongo mweusi wa mbuga: ukilowa hushika mguu, mtoto hufika darasani akiwa na matope mpaka magotini, amechelewa, na kesho yake hukataa kuondoka. Walimu wasomao ukurasa huu wazifungue daftari zao za mahudhurio, wataona wenyewe miezi ambayo watoto wa mbali hupungua. Heri kilomita tatu za nchi kavu kuliko moja yenye korongo lisilo na daraja. Na mahali njia inapokata barabara ya lami, mzazi ajiulize nani atamvusha mtoto wa miaka mitano.

Sasa habari za binti wa darasa la saba. Kwa ajili yake mkewe ana haki ya kuwa na wasiwasi, nasi twamuunga mkono. Watu wakinunua nyumba huitazama shule ya msingi, wakasahau sekondari, na mwaka mmoja tu baadaye mtoto anatakiwa kwenda mbali mara mbili au tatu zaidi. Tangu mpango wa sekondari wa mwaka 2004 kata nyingi zilijengewa shule zao, lakini kata ni kubwa, na shule hujengwa mahali pamoja. Tena sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025 yasema elimu ya lazima iwe miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa hiyo sekondari si jambo la mtoto mwenye bahati tena. Anayenunua nyumba leo na aitafute kwanza sekondari ya kutwa iko wapi, kisha arudi nyuma kuitazama ya msingi.

Twajua jinsi mambo yanavyokuwa shule ikiwa mbali. Binti wa miaka 14 huondoka gizani na kurudi gizani. Mwenye bodaboda humpa msaada siku ya kwanza bure, na ya pili bure, na baada ya hapo si bure tena. Au wazazi humpangia chumba karibu na shule, yeye na mwenzake, wajipikie. Watu wakiita geto, na hakuna mtu mzima anayejua wamelala saa ngapi. Sheria ni kali: tangu mwaka 2016 mtu anayempa mimba mwanafunzi hustahili kifungo cha miaka 30. Na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua aweza kurudi shuleni, jambo ambalo wazazi wengine hawajalisikia, nasi twawaomba walimu walitangaze. Lakini kifungo cha yule mwanamume hakimrudishii binti miaka yake. Nyumba iliyo mahali pazuri humlinda mapema kuliko hakimu.

Wavulana nao wana hatari yao, ila haisemwi kwa sauti. Shamba la pamba huanza kupandwa Novemba na Desemba, palizi hufuata, na ng'ombe hawajui siku za shule. Mvulana akikaa karibu sana na mifugo na mbali na mwalimu, ni rahisi baba kusema, "Leo tu nisaidie." Mwalimu akiwa jirani, anayeonana na baba kisimani na dukani, ile "leo tu" husemwa kwa haya. Hii nayo ni faida ya kukaa karibu na shule, ijapokuwa dalali hawezi kuitia katika bei.

Bwana wetu auliza pia shule nzuri itajulikanaje. Matokeo ya mitihani ya taifa hutolewa shule kwa shule, na mtu yeyote aweza kuyaona, ijapokuwa tangu mwaka 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule za kwanza na za mwisho. Ayatazame ya miaka mitatu au minne, maana mwaka mmoja waweza kudanganya, tena atazame na hesabu ya watahiniwa: shule yenye watoto 20 waliochaguliwa haifanani na ya kijiji yenye watoto 150 wa kila namna. Baada ya hapo aende mwenyewe. Kawaida iliyowekwa ni watoto 45 katika darasa, na tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Shule nyingi hazifiki hapo, lakini kuhesabu matundu ya vyoo huonyesha upesi kama kamati ya shule yafanya kazi au yalala. Aulize walimu wangapi wanalala karibu, na kama watoto hupata uji mchana. Kama mahali anapopataka pana shule shikizi tu, ya watoto wadogo wasioweza kufika shule mama, asiidharau. Mwaka 2021 yalijengwa madarasa 3,000 katika shule za namna hiyo nchini. Lakini aulize darasa la mwisho hapo ni la ngapi, na mtoto akilimaliza ataelekea wapi.

Basi, mjini au Kasoli? Shauri letu ni Kasoli, lakini si palepale alipo sasa. Atafute nyumba au kiwanja kati ya shule na shamba, kikiegemea upande wa sekondari, na shamba asiliuze. Baba mwenye baiskeli aweza kwenda mbali kidogo kulima. Mtoto wa awali hawezi. Wengine hutaka kwanza kuwa karibu na kanisa, na katekista hawezi kuwalaumu, lakini Jumapili ni siku moja, na shule ni siku tano.

Za mjini twazisema kwa heshima kwa mama wa nyumba hii. Zinazosifiwa sana ni zile za binafsi zifundishazo kwa Kiingereza, na sababu yake twaijua: sekondari hufundisha kwa Kiingereza, na watoto wetu watoka kwenye Kiswahili wakakwama. Lakini nyumba hulipwa mara moja, na ada hulipwa kila muhula, kwa watoto wanne. Shule hufunguliwa Januari, wakati fedha ya pamba ya Juni imekwisha kitambo na pamba mpya bado i shambani. Tumeona pia nyumba zilizogawanyika, mama na watoto mjini, baba shambani. Mwaka wa kwanza hutembeleana kila Jumamosi, mwaka wa pili mara moja kwa mwezi, na mwaka wa tatu baba ana jiko jingine. Wakihama, wahame wote, au wakae wote.

Mwisho ni mambo ya ununuzi wenyewe. Ardhi ya kijiji yasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, na kumhamishia mtu mwingine hakimiliki ya kimila kwahitaji kibali chake; karatasi iliyoandikwa na watu wawili chini ya mti haitoshi. Mke wa muuzaji naye awepo, aulizwe kwa kinywa chake, na atie sahihi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ridhaa ya mumewe. Na kwa sababu bwana wetu atafuta kiwanja karibu na shule, ajihadhari na kile kilicho karibu mno. Maeneo mengi ya shule yalitengwa zamani kwa kutaja mti na kichuguu, na mti ukikatwa, watu husogea ndani. Kabla ya kutoa fedha amwite Mwalimu Mkuu, na mwenyekiti wa kijiji, na mzee mmoja aliyekuwapo shule ilipoanza, watembee pamoja mpakani. Mzee akisema hapo palikuwa uwanja wa mpira, fedha zirudi mfukoni.