Harry Lime tunaye hapa mpakani

WAPO wanaodhani kuwa sinema ya zamani isiyo na rangi ni ya kupotezea muda. Mimi nasema "The Third Man", iliyoongozwa na Carol Reed mwaka 1949, inatuhusu sisi watu wa mpakani kuliko filamu nyingi mpya.

Mji ni Vienna, Austria, baada ya Vita Kuu ya Pili. Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Warusi wameugawana, na magendo yamestawi. Mwandishi Holly Martins anafika kwa mwaliko wa rafiki yake, Harry Lime, anaambiwa amefariki. Baadaye anagundua kuwa Lime yu hai, na kwamba utajiri wake ni penisilini iliyochakachuliwa, ambayo imeua na kulemaza watoto.

Utamu wa sinema hii ni kwamba Lime hana mapembe. Ni mcheshi, anapendeka. Ndiye aliyemtafutia mpenzi wake, Anna, karatasi za bandia ili asikabidhiwe kwa Warusi. Sisi tuliosoma ukimbizini tunajua uzito wa mtu aliyekupatia karatasi. Humsahau. Hata polisi wanakubali usalama wa Anna uwe bei ya Martins kumtoa rafiki yake, na Anna mwenyewe anaikataa bei hiyo.

Sasa tujiulize. Mama anayevusha kilo mbili za sukari kwa njia za panya ili wanawe wale, je, ni sawa na anayevusha vidonge bandia vya malaria? Si sawa hata kidogo. Lakini sisi huwanyamazia wote wawili, tukisema ni ndugu zetu. Hapo ndipo tunapokosea.

Martins hakubadilishwa na hotuba juu ya sheria. Meja Calloway alimpeleka hospitalini akawaone watoto. Basi.

Mwishoni Anna anampita Martins njiani, wakitoka makaburini, bila kumtazama. Simlaumu, uaminifu wake una heshima. Lakini wale watoto nao walihitaji mtu wa kuwasemea.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Dawa bandia ikishavuka mpaka, haiulizi mtoto ni wa nani.