UKURASA WA NYUMBANI: Kijana Achaguapo Somo la Uchumi

Kila mwaka, majibu ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, katika kota nyingi za askari wa Uganda huzuka swali moja: kijana achukue masomo gani matatu makuu katika kidato cha tano? Hutajwa herufi HEG, MEG, HED, na baba aliyetoka lindo la usiku hubaki kuduwaa. Hiyo E ndiyo uchumi, somo ambalo vijana karibu wote huanza kulisoma hapo, kwa kuwa halikuwamo katika vidato vya chini.

Wako wazazi wadhanio kuwa uchumi ni utunzaji wa daftari za mapato na matumizi. Sivyo. Huo ni uhasibu. Uchumi huuliza kwa nini vitu havitoshi, na watu huchaguaje palipo na uhaba. Matoke yapandapo bei, mama hupika posho. Mahitaji ya posho nayo huongezeka, na punde bei yake haikai pale pale. Mwanafunzi anatakiwa aeleze jambo hilo kwa maneno, kisha alichore kwa mistari miwili inayokatana.

Mifano haiko mbali. Mwezi wa Julai 1975 jalidi iliangamiza mibuni mingi nchini Brazil, na bei ya kahawa ulimwenguni ikapaa, ikafika kilele mwaka 1977. Mkulima wa Uganda hakuweza kujibu upesi, maana mbuni upandwao leo hauzai kabla ya miaka miwili au mitatu. Isitoshe, bei aliyolipwa iliwekwa na serikali, nayo ilikuwa chini mno ya bei ya nje. Kahawa ikavuka mpaka kwa magendo hadi Chepkube, upande wa Kenya. Askari wa doria aliyekesha akiizuia alikuwa anapambana na tofauti ya bei mbili, adui asiyekamatika kwa pingu.

Tena iko habari ya noti za mwaka 1987, ambayo wazee wa kambini hawajaisahau. Shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kwa shilingi 1 mpya, na juu ya hayo serikali ikakata asilimia 30. Aliyepeleka shilingi 10,000 alipata 70. Kijana aliyeelewa somo lake atatambua kwamba kufuta sufuri mbili hakumfukarishi mtu, kwa sababu bei nazo hufutwa sufuri mbili. Kilichopungua mfukoni ni zile 30. Aliyekariri tu atachanganya mambo hayo mawili, na mtahini hataona vigumu kumgundua.

Hapa ndipo wengi huanguka. Huingia wakiamini kuwa somo ni jepesi kwa vile halina maabara, wakakariri maelezo ya mwalimu neno kwa neno. Mtihani hutaka sababu, na hutaka mifano ya Uganda yenyewe. Yafaa basi kijana awe na daftari ya kuandika bei za sokoni kila juma, asikilize hotuba ya bajeti mwezi wa Juni, na aulize nyumbani kwa nini mshahara ule ule hununua sukari kidogo kuliko mwaka uliopita.

Kuhusu hisabati, wazazi waambiwe wazi. Anayechukua historia badala ya hisabati aweza kufaulu uchumi vizuri kabisa. Lakini shahada za takwimu na za uchumi wa kimahesabu humtaka aliyesoma hisabati kama somo kuu, na baada ya miaka miwili mlango huo ni vigumu kuufungua. Kabla karo haijalipwa, mzazi na aende shuleni aulize kama mwalimu wa uchumi yupo kweli, au ni jina tu katika ratiba.